Mimi Nilisema Binamu

Elibariki,

Begi lako usilitafute. Halijaibiwa, liko mahali salama, na nitakuambia liko wapi nikishamaliza niliyokusudia kusema. Nililiondoa mchana ulipokuwa kanisani kwenu kwenye maombi ya kuagwa, ukarudi usiku ukalala bila kuwasha taa, na barua hii nimeiweka pale pale lilipokuwa, kando ya kitanda, ili ukiamka na kulipapasa begi mkono wako uikute karatasi. Wewe ni mtu wa kukurupuka asubuhi. Leo kaa chini usome.

Barua huanza kwa salamu na kuulizana hali. Sikuulizi hali, maana niko chumba cha pili na nakusikia ukikoroma. Hali yangu nitakuambia mwenyewe: nimekasirika. Sijahuzunika, kama unavyowaambia watu wa kanisani kwenu, kwamba mama ana huzuni na mumwombee. Mama mwenye huzuni hukaa akasubiri mwanawe akue. Mimi nimekasirika, na nataka uondoke ukijua hivyo, kwa sababu wiki zote hizi umekuwa ukinipita kwenye korido kama mgeni wa gesti. Shikamoo mama, marahaba, mlango unafungwa.

Mambo ya kufua shuka, kula kwa wakati na kuchomekea chandarua siyaandiki. Unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na mbu wa huko chuoni Dodoma.

Wala sikasiriki kwa sababu unakwenda kusomea uchungaji. Najua mtaani Nangara wanasema hivyo, kwamba mwalimu wa baiolojia amenuna kwa kuwa mtoto wake amemchagua Mungu. Kwani Mungu huyo ulimjulia wapi? Nimeimba kwaya tangu kabla hujazaliwa. Nilikufundisha kusali kabla sijakufundisha kufunga kamba za viatu, na kamba zenyewe mpaka leo unazifunga vibaya. Ungeniambia tu, mama, nimeitwa, ningekushonea suti.

Nimekasirika kwa sababu ya ushuhuda wako.

Tangu tupewe mkoa na kufanywa makao makuu yake, mji huu umepokea kila kitu kwa mkupuo: maofisi, wakuu wa idara, nyumba za wageni na makanisa ya hema. Hema lenu lilipofungwa pale uwanjani na vipaza sauti vyake, sikuwa na neno. Vijana walikuwa wanaimba vizuri. Ulipoanza kurudi umechelewa, nilimshukuru Mungu kwamba unachelewa kwa nyimbo na si kwa pombe. Kisha ukanialika mwenyewe. Ukasema, Jumapili jioni nitasimama, njoo na babu. Nikaenda Bonga kumchukua baba yangu. Alinyoa ndevu, akavaa lile koti lake la kwenye harusi, na njia nzima alikuwa akiniuliza utasimama na nani na utasema nini. Tukakalishwa mbele, kwenye viti vya plastiki, kwa sababu ya masikio yake.

Kabla yako alisimama yule mwanamume aliyekuwa akiiba ng'ombe kwenye mbuga za Hanang. Alieleza alivyokuwa akilala porini na mifugo ya watu, na siku aliyosikia mtoto wa mwenye ng'ombe akilia akashindwa kuondoka. Watu walilia, hata mimi nililia. Akafuata mama aliyekuwa akipika gongo na kukesha kwa waganga. Kila mmoja alileta giza lake, la mikono yake mwenyewe.

Halafu ukapanda wewe, nami nikaona unameza mate. Mwanangu, ninakujua. Hukuwa na giza. Umekulia kwenye nyumba ya mwalimu na mwanakwaya, na kosa lako kubwa katika maisha ni kumvunjia Mama Zuhura kioo cha dukani kwa mpira na kwenda kuomba radhi siku hiyo hiyo. Na huko kwenu ushuhuda usio na giza hauna nguvu. Mtu akisimama akasema nilikuwa mtoto mwema na sasa nimeokoka, nani atapiga haleluya? Basi ukatafuta giza huku na huku, macho yako yakatua kwenye viti vya mbele.

Ulisema, "Nilikuwa gizani. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo nilifundishwa kwamba babu yangu ni nyani."

Umati uliguna. Mchungaji wenu, yule kijana wa suti ya kijivu, akakusogezea kipaza sauti karibu zaidi akauliza, "Nani alikufundisha hayo?"

"Mama yangu mzazi."

Kinanda kikaitikia. Wengine walicheka, wengine wakaninyooshea mikono wakaanza kuniombea, mimi niliyewafundisha nusu yao. Na babu yako, ambaye kwa kawaida husikia nusu ya maneno, siku hiyo alisikia nusu yenyewe. Akanigeukia akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, yaani sauti ya kusikiwa na wote, "Anasema mimi ni nani?"

Waliokaa nyuma yetu walimjibu kwa kicheko.

Sasa nikueleze kwa nini lile neno lilikuwa baya kuliko ulivyodhani. Mchungaji wenu alikuja na mkoa, nyani anamjua kwenye picha. Sisi watu wa Bonga nyani ni mwizi wa mahindi. Anashuka kutoka msituni na ukoo mzima, anavunja bua, anaonja hindi, anatupa, anavunja jingine, na jioni shamba linaonekana kama limepitiwa na trekta lililopotea njia. Babu yako amepambana nao maisha yake yote. Amelala kwenye dungu, kile kijukwaa cha miti cha kulindia shamba, mvua ikimnyeshea. Mtoto wa Bonga akitaka kumtukana mwenzake tusi la kupigania, humwambia ana mikono ya nyani. Hilo ndilo ulilomtupia mzee wa watu kwenye vipaza sauti, mbele ya mji, akiwa amevaa koti lake.

Kwenye dungu hilo nami nilikaa, nikiwa mdogo, na sijawahi kukusimulia. Kazi yangu ilikuwa kupiga debe na kurusha mawe. Siku moja walishuka, mmoja wao jike, akitembea kwa miguu mitatu kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika kitu kifuani. Nilidhani ni hindi. Aliposogea nikaona ni mtoto wake, amekufa, amekauka kama ngozi ya kuanikwa, na bado amembeba. Alikaa chini ya dungu langu akawa anamchambua manyoya, taratibu, kama anavyochambuliwa aliye hai. Baba akaniita kutoka upande wa pili, rusha, rusha. Nilikuwa na jiwe mkononi na sikurusha. Tulipoteza mstari mzima wa mahindi na nilichapwa jioni, na katika kuchapwa nilikuwa nikimwuliza baba swali ambalo hakulipenda: mbona anafanya kama mama?

Ualimu wangu ulianzia hapo. Sikuupata kwa wazungu, wala kwa shetani, wala kwa vitabu vya serikali. Nilipofika shule nikakuta kuna watu wameshughulika na swali kama langu, wakapima mifupa, wakalinganisha mikono na damu, wakapata jibu lililonikaa. Tena nilifurahi kulipata. Na baba yangu nami hatujawahi kukubaliana kuhusu nyani mpaka leo, ila alinilipia shule kwa mahindi yaliyosalimika.

Sasa sikiliza nilichofundisha, maana ulikuwepo, ulikaa dawati la pili kutoka dirishani. Tunafundisha kwa Kiingereza, mnakariri kwa Kiingereza, kisha mnakuja kugombana kwa Kiswahili. Kiingereza kile hakina babu wala binamu ndani yake, kina maneno marefu ambayo nusu ya darasa hukariri bila kuyaona. Ndiyo maana siku ile niliweka chaki chini nikawaambia kwa lugha yetu. Nikachora mti ubaoni. Nikasema, hili tawi ni sisi, lile kule ni nyani, na huku chini sana, zamani isiyohesabika, matawi yanakutana kwa mzee ambaye hakuwa sisi na hakuwa nyani. Nikasema, kwa hiyo nyani ni binamu, tena binamu wa mbali sana. Binamu ni mtu mliyechangia babu, siyo babu mwenyewe. Nilisema binamu, Elibariki. Nilisema mara mbili, na nikalipigia mstari.

Wewe ulikwenda ukasema babu. Hukusahau, kwa sababu mtihani wa mada hiyo ulipata zote. Ulibadilisha neno kwa kuwa la kwangu halikutosha kutisha. Ungesema mama alinifundisha kwamba nyani ni binamu wangu wa mbali sana, watu wangepiga miayo.

Unajua yaliyofuata, na ulijifanya huyajui. Jumatatu niliingia darasani nikakuta nyani amechorwa ubaoni, amefungwa kitenge, ameshika chaki. Mchoro mzuri, kusema kweli, mkia tu ndio uliokosewa. Sasa naitwa Mama Nyani. Sokoni naitwa, stendi naitwa. Mzazi mmoja alikuja kuomba mwanawe atolewe kwenye mada hiyo, na mkuu wa shule akaniomba niipitishe haraka haraka. Niliipitisha polepole kuliko mwaka wowote. Mama Zuhura alinipimia kitambaa dukani kwake, kisha akasema, "Mama Eli, na sisi tunasema Nabii Adamu aliumbwa kwa udongo, na mwanao amekaa dukani kwangu hapa miaka yote nikimwambia hivyo. Lakini Zuhura wangu hajanisema msikitini." Alinikatia na nusu mita ya ziada, nikaenda kulia nyuma ya duka kwa hasira.

Nina hasira na mimi pia, ingawa kidogo kuliko niliyo nayo juu yako. Ulipokuwa kidato cha kwanza ulikuja na daftari la historia, mmeandikishwa nadharia mbili za asili ya mtu, ya kuumbwa na ya kubadilika, moja juu na nyingine chini, na kila moja ina maksi zake. Mimi nilikuwa nasahihisha. Ukauliza, mama, ipi ni kweli? Nikakuambia bila kuinua kichwa, andika zote mbili upate maksi zote, ya kweli ni ile anayoitaka mtahini. Nilidhani nimesema jambo la kuchekesha. Ulisimama pale ukisubiri nimalize kucheka, kisha ukaenda kulala. Hukuuliza tena. Akaja kijana wa suti ya kijivu akakujibu mara moja, kwa sauti, akikutazama usoni. Ndiyo maana alikupata. Nilikuwa na jibu nikakunyima kwa uvivu, basi lipokee sasa, limechelewa.

Kwanza zile hazikuwa nadharia mbili za kitu kimoja, na aliyeziandika moja juu na nyingine chini aliwakosea nyote. Mchungaji wenu alisema hata wanasayansi wenyewe wanaiita nadharia. Katika Kiswahili chetu nadharia ni yale unayosomeshwa kabla ya kugusa usukani, mtu wa nadharia hajui kuendesha. Kwa hiyo watu wakacheka, wakadhani baiolojia yote ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuendesha. Kwa sisi wa sayansi neno hilo lina uzito mwingine. Ni maelezo yaliyopelekwa shambani, yakapigwa na jua, kila mtu akiruhusiwa kuyaangusha, na bado yamesimama. Yakianguka kesho tutayafuta. Ulisema siku ile kwamba sayansi hubadilika kila siku na Neno halibadiliki, watu wakapiga makofi. Kweli, hubadilika, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mwanafunzi wangu akinionyesha nimekosea ninachukua kitambaa nafuta mbele yake, na yule mtoto hurudi kwao akitembea kama mkuu wa wilaya. Hata uhai wa kwanza kabisa ulivyoanza, kabla ya nyani na kabla ya samaki, nikiulizwa nasema sijui, na wakubwa wangu nao hawajui vizuri. Nasema sijui bila aibu.

Kanisani sifuti kitu. Kanisani siendi kupima. Huko naambiwa kuna aliyenitaka niwepo, na kwamba nitaulizwa nimefanya nini na uhai nilioazimwa, nami ninapiga magoti. Hakuna kipimo cha kulijaribu hilo. Mtu huliishi au haliishi. Ukinipa mfupa sitakuambia kama mwenye mfupa alipendwa. Ukinipa sala haitaniambia mfupa ni wa zamani kiasi gani.

Na usidhani nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa niseme hazigongani. Zinagongana. Nikisoma habari za udongo na ubavu, na nikichora ule mti wangu, sizipatanishi. Wapo wachungaji wanaozipatanisha kwa kunyoosha siku ziwe miaka, wapo walimu wanaozipatanisha kwa kumweka Mungu kwenye mashimo ambayo bado hatujayachimba, wote wananikera. Jumapili ninamkiri Muumba kwa sauti yangu yote na Jumatatu nachora mti, na katikati pana mahali panaponiuma. Nimeishi na maumivu hayo muda mrefu kuliko umri wako. Hakuna aliyekufa. Nilitaka ujue kwamba mtu anaweza kuishi hapo, siyo lazima akimbilie upande mmoja na kurusha mawe upande wa pili.

Baba yako alipofariki ulikuwa hujaanza shule. Mtu wa maabara ya hospitali aliniita nikaangalia kwenye hadubini, nikawaona wale vijidudu wa malaria ndani ya damu yake, wale wale ninaowachora kila mwaka na kuwatahini wanafunzi. Ilikuwa kweli tupu. Nilijua kilichomuua mume wangu, kwa jina lake na hatua zake zote. Nikarudi nyumbani koti lake liko kwenye msumari, na elimu yangu yote haikujua nilifanye nini. Akaja mchungaji wa wakati ule, akaniambia Mungu alimhitaji kuliko mimi, nikamwomba atoke nje kabla sijamkosea adabu. Alitaka kunieleza sababu, na sababu nilikuwa nayo tayari, nimeiona kwa jicho langu. Kesho yake alirudi bila maelezo. Alikaa, akaimba ule wimbo wa msiba wenye beti nyingi mpaka mwisho, akakubeba wewe ukalala begani kwake. Tangu siku hiyo nimebaki kanisani na sijaondoka. Kwa hiyo ukiwa mchungaji, na nadhani utakuwa mzuri kwa kuwa una sauti na una huruma ukitaka, usiende kwenye msiba wa mtu kumfundisha baiolojia mbaya. Imba tu.

Sasa nirudi kwa babu yako, maana kilichoniamsha kuandika ni yeye.

Tangu siku ile hajaja mjini. Unajua siku ya soko alikuwa haachi, analeta kibuyu cha maziwa, anakunywa chai ya sukari nyingi, anakuuliza kama bado unakua. Wiki ya kwanza nikasema ni mvua. Ya pili nikaenda Bonga. Nilimkuta amekaa nje, akanikaribisha vizuri, akaniletea kigoda. Kisha akaniita Mwalimu. Tangu nizaliwe baba yangu hajawahi kuniita Mwalimu.

Akasema, "Mwalimu, unawafundisha watoto wa watu kwamba mimi ni nyani?"

Nilimweleza yote. Nilichukua kijiti nikamchorea mti mavumbini, matawi, na yule mzee wa chini kabisa. Nilimkumbusha lile jike na mtoto wake aliyekauka, na jiwe nisilorusha. Alisikiliza kwa subira, akiniambia nirudie pale asiposikia. Sidhani alikubali hata robo. Yeye anaamini ameumbwa na Mungu yule yule aliyekuwa akiombwa na wazee wake kwa jina la lugha yetu kabla ya wamisionari kufika, na mwishowe akasema wale wezi hana undugu nao, labda mimi. Hapo tulicheka kidogo, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku ya hema. Nikadhani yamekwisha.

Kisha akafuta ule mti kwa mguu, akasema, "Wewe unasema ulisema binamu. Yeye alisema babu, nimesikia. Wewe sina neno nawe. Aje yeye aniambie."

Nilikuja nikakuambia, babu anakuita. Ukasema una mkesha. Nikakuambia tena, ukasema una mafunzo ya wahudumu. Mara ya tatu ukaniambia babu hajaokoka vizuri na atakuvunja moyo kabla ya safari. Nusura nikuchape, na umenizidi urefu kwa kichwa kizima. Unakwenda miaka mitatu kujifunza kuwaambia watu wasiokujua kwamba wameumbwa kwa mfano wa Mungu, na unaogopa kwenda Bonga kumwambia mzee mmoja kwamba yeye si nyani.

Siku nyingine ukisimama mbele ya watu ukakosa giza, sema huna. Sema, mimi nimelelewa vizuri, namshukuru Mungu na namshukuru mama. Wasipopiga makofi, keti.

Mimi sihitaji uniombe radhi, na usije kugonga mlango wangu asubuhi na machozi, nitakuwa nimeshaondoka kwenda shule, nina kipindi cha kwanza na cha pili. Jina la Mama Nyani nitalibeba, nimebeba makubwa zaidi. Nitakuandikia, na utanijibu, na tutagombana vizuri kwa barua, kuhusu udongo na kuhusu mti. Ukiwa na hoja niletee. Ukinionyesha nimekosea nitafuta.

Sasa begi. Liko Bonga, kwa babu yako. Nililipeleka mwenyewe, nguo zote, vyeti, viatu, na ile Biblia niliyokupa siku ya kipaimara. Amelifungia chumbani kwake na ufunguo ameweka kwenye mfuko wa lile koti. Basi linatoka Arusha, halifiki hapa kabla ya saa nne, na nimeshamwambia wakala kwamba hutapandia stendi, utapandia Bonga, mbele ya nyumba ya mzee. Gari la Mama Zuhura linapeleka sukari huko saa moja, wamekuwekea nafasi mbele.

Msalimie kwanza. Kunywa chai atakayokupa, hata ikiwa imepoa. Kisha mwambie wewe mwenyewe ni lipi, babu au binamu. Umeze mate ukitaka, lakini mwambie, na usiinue sauti kama uko jukwaani. Kaa upande wake wa kushoto. Sikio la kulia halisikii kabisa siku hizi, na hili nalo ungelijua ungekuwa umekwenda.

Mama yako mzazi